Kuhamisha traki kutoka kinasa sauti hadi kompyuta: dhana potofu na ukweli wake

Anayerekodi bendi kwa mashine ya traki nyingi, yaani inayonasa kila ala au sauti kwenye njia yake peke yake (traki), kisha akataka kumalizia kazi kwenye kompyuta, huanza na hofu moja: sauti itachuja. Kwa mashine zinazorekodi kwenye memori kadi, hofu hiyo haina msingi. Kinachopotea mara nyingi ni mpangilio wa wakati. Besi inachelewa, ngoma zinatangulia, kiitikio kinaangukia katikati ya ubeti. Sauti zote zipo, safi kabisa, ila kila moja imekaa mahali pasipo pake.

Dhana: "Nitachomeka waya kwenye tundu la hedifoni, nipate traki zote."

Tundu hilo hutoa muziki uliokwisha kuchanganywa, kushoto na kulia, basi. Siku hizi zipo programu za kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala baada ya kuchanganywa, lakini zinakisia, na mabaki yake husikika. Ya nini kukisia wakati traki halisi zimelala kwenye kadi?

Hata waya wa USB una mtego wake. Mashine nyingi zina njia mbili za USB: moja huifanya mashine iwe kiingizio cha sauti cha kompyuta, nyingine huifanya iwe kisomaji cha kadi. Ukiwa kwenye njia ya kwanza utatafuta folda hadi uchoke. Ingia kwenye menyu, funga wimbo uliofunguliwa, chagua njia ya kusoma kadi. Au zima mashine, chomoa kadi, uitie kwenye kisomaji cha kawaida. Mara nyingi huwa haraka zaidi.

Dhana: "Kila ukinakili, ubora unapungua."

Hii ni kumbukumbu ya enzi za kanda, ambapo kila nakala iliongeza mvumo. Faili ya WAV, yaani ya sauti isiyobanwa, ni namba. Ukiinakili mara mia, namba ni zilezile.

Kinachowaponza watu ni ukubwa. Traki moja ya mono, biti 24 kwa kHz 48 (yaani vipimo vidogo vya sauti, au sampuli, 48,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 24), hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 16 unafika megabaiti 553 hivi, na hapo ndipo mtu hushawishika kugeuza kila kitu kuwa MP3 ili atume kwa urahisi. Hilo ndilo linalopunguza ubora kweli. Tena MP3 huongeza kipande cha ukimya mwanzoni mwa faili: kwa kigeuzi maarufu cha LAME, ukijumlisha na ucheleweshaji wa programu inayoifungua MP3, ni sampuli 1,105, yaani kama milisekunde 25 kwa kHz 44.1. Programu nyingine hukiondoa kipande hicho, nyingine hukiacha. Ukichanganya traki za MP3 na za WAV katika wimbo mmoja, utahangaika kutafuta kwa nini gitaa linaburuza mguu.

Na kwa wanaogeuza biti 16 kuwa 24 "ili sauti inone": hakuna kinachoongezeka ila uzito wa faili.

Dhana: "Nikiburuta faili zote ndani ya programu ya kuhariri sauti, zitajipanga zenyewe."

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Tuseme ngoma na besi zilirekodiwa kuanzia sifuri, na mwimbaji wa pili akaingizwa baadaye kuanzia dakika 1 na sekunde 12. Kwenye mashine kila kitu kinapiga sawasawa, kwa sababu mashine inatunza pembeni orodha yake ya nini kinaanza wapi. Faili ya mwimbaji yenyewe huanza pale alipoanza kurekodiwa. Ukiileta kwenye kompyuta bila ile orodha, programu itaiweka kwenye sifuri, na mwimbaji ataitikia kabla wimbo haujaanza. Hali huwa mbaya zaidi pale mtu aliporudiarudia mistari: traki moja unayoiona kwenye kioo cha mashine inaweza kuwa vipande kumi na viwili kwenye kadi, vyenye majina ya namba tu, vingine ni vile alivyokosea ukavikataa.

Dawa ya uhakika ni kuifanya mashine yenyewe itoe kila traki kama faili moja nzima, kuanzia sifuri hadi mwisho wa wimbo, hata kama dakika tatu za mwanzo ni ukimya mtupu. Faili zote zikiwa na urefu uleule, unaziweka zote kwenye sifuri na kazi imekwisha. Mashine nyingi zina amri ya namna hii. Itafute kwenye menyu ya wimbo au ya traki.

Wapo wanaotegemea muhuri wa muda. Ni kweli kwamba WAV ya aina ya BWF, iliyoasisiwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, hubeba ndani yake idadi ya sampuli tangu saa sita usiku, na programu inaweza kuitumia kurudisha kila kipande mahali pake. Lakini si kila mashine huuandika muhuri huo, na programu nyingi haziutumii mpaka uziambie. Jaribu kwa traki mbili kabla ya kuamini.

Usidharau kosa dogo. Kwa kHz 48, sampuli 480 ni milisekunde 10. Ngoma ya snea iliyonaswa na maikrofoni mbili, moja ikiteleza kiasi hicho, itasikika imekonda kama inapigwa ndani ya bomba, nawe utakesha ukirekebisha ikwalaiza (kirekebishi cha sauti nene na nyembamba) bure.

Dhana: "Programu itajua ilirekodiwa kwa kHz ngapi."

Nyingine hugeuza zenyewe, nyingine huuliza, nyingine hupiga tu. Faili ya kHz 44.1 ikipigwa kama ya 48, wimbo unapanda karibu nusutoni moja na nusu, na dakika 4 zinakuwa dakika 3 na sekunde 40. Ukisikia mwimbaji amekuwa mtoto, usiguse kifaa cha kubadili sauti. Rekebisha mpangilio wa mradi, kisha uzilete faili upya.

Dhana: "Faili imekatika katikati, basi rekodi imeharibika."

Imekatwa makusudi. WAV ya kawaida haivuki gigabaiti 4, na kadi zilizofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 nazo zina kikomo hichohicho. Mashine nyingine hukata kwenye 2. Faili moja yenye chaneli 32 ndani yake, biti 32 kwa kHz 48, hujaa kabla dakika 12 hazijatimia. Kipande kinachofuata huanza kwenye sampuli inayofuata, kwa hiyo vigandishe mwisho kwa mwanzo, na uzime huduma ya programu ya kufifisha sauti kwenye maungio, maana itakuchimbia shimo dogo pale pasipo na tatizo. Faili za chaneli nyingi zinaweza kupasuliwa kuwa traki mojamoja ndani ya programu ya kuhariri sauti ya Reaper.

Dhana: "Mchanganyiko wangu utahama pamoja na traki."

Hauhami. Fada (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti), mwangwi na ikwalaiza vinabaki kwenye mashine, isipokuwa kile kilichorekodiwa pamoja na sauti. Toa mchanganyiko wa stereo, ulete nao uwe wa kulinganishia.

Dhana: "Mashine ya zamani nayo ni kunakili tu."

La. ADAT, kinasa sauti cha kidijitali cha kampuni ya Alesis kilichotangazwa mwaka 1991, iliandika traki 8 kwenye kanda ya video ya S-VHS. Kuihamisha ni kuipiga wimbo mzima huku kompyuta ikirekodi. Waya wake wa mwanga hubeba chaneli 8 kwa pamoja, mradi kompyuta ifuate saa ya ndani ya ADAT, ile inayopima mwendo wa sampuli.

Portastudio 144, mashine ya kaseti ya kampuni ya TASCAM ya mwaka 1979, ilitumia traki zote 4 za kaseti kuelekea upande mmoja. Ukiweka kaseti hiyo kwenye deki ya nyumbani utasikia traki mbili. Ukiigeuza, mbili zilizobaki zitacheza kinyumenyume. Programu inaweza kuzigeuza, lakini kwa kuwa umezipiga kwa zamu, kasi haitalingana sawasawa. Itabidi uzivutevute.

Hata mashine za kidijitali zikihamishwa traki mbilimbili kwa waya wa analogi huachana kidogokidogo. Saa za ndani za mashine na kompyuta zikitofautiana kwa sehemu 20 katika milioni, baada ya dakika 60 umeshapata milisekunde 72. Piga kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni mwa rekodi, upate alama mbili za kulinganishia.

Dhana: "Nimeshanakili, sasa nafuta kadi."

Hesabu faili kwanza, linganisha ukubwa, fungua kila moja na usikilize sekunde za mwisho, kisha weka nakala ya pili kwenye diski nyingine. Ukifika kufuta, fomati kadi ndani ya mashine yenyewe, si kwenye kompyuta.