Elektroni haina haya

Kila muhula, nikifika kwenye jaribio la mianya miwili, hakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo akili zetu ndizo zinazoumba ulimwengu?" Simlaumu. Sisi wanafizikia ndio tulioliacha neno "mtazamaji" vitabuni, kana kwamba elektroni ni mwari, haichezi ikitazamwa.

Ukirusha elektroni mojamoja kupitia mianya miwili, kila moja huacha nukta moja kwenye skrini. Zikifika maelfu, nukta hujipanga milia: wimbi limepita kotekote, likajiongeza hapa, likajifuta pale. Weka kifaa cha kubaini imepita mwanya upi, na milia hutoweka. Hapo ndipo wauza miujiza wanapopata riziki: wanadai ni fahamu ya mtazamaji iliyoifuta.

Sasa, nani alikuwa akitazama kule Vienna mwaka 2004? Kundi la wanafizikia Markus Arndt na Anton Zeilinger lilichukua molekuli za C70, kila moja ikiwa na atomu 70 za kaboni, likazipasha moto kwa leza kabla hazijapita kwenye mianya. Joto lilipokuwa la kiasi, milia ilionekana vizuri. Kadiri lilivyopandishwa ndivyo milia ilivyofifia, kidogo kidogo, hadi ikatoweka. Hakuna aliyechungulia. Molekuli yenye moto hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, kama mkaa unavyong'aa jikoni, na fotoni hiyo ikishaondoka na habari ya mahali ilipotoka, basi, milia imekwisha, hata kama itaishia kumezwa na ukuta wa chombo.

Mimi hukazania hilo "kidogo kidogo". Joto lina vipimo. Anayesema ni fahamu anionyeshe robo ya mtazamaji. Mwanafizikia Eugene Wigner mwenyewe, aliyelitetea wazo la fahamu mwaka 1961, baadaye aliachana na wazo hilo.

Jaribio la Vienna linaeleza milia imekwenda wapi. Kwa nini nukta hii imetua hapa na si pale, hilo ni swali jingine. Mimi huvutwa na njia ya mwanafizikia Louis de Broglie ya mwaka 1927, ambayo mwenzake David Bohm aliifufua mwaka 1952: chembe ina mahali pake wakati wote, na wimbi huiongoza. Ina gharama. Tangu hoja ya mwanafizikia John Bell ya mwaka 1964 tunajua kwamba picha ya namna hii haiwezi kukubaliana na majaribio bila chembe zilizotengana mbali kuathiriana papo hapo. Gharama hiyo nailipa nikiguna. Wenzangu wengi wanakataa kuilipa, nao wana hoja.