Homa Ilikuwa ya Kweli, Hitimisho Ndilo Lililopotoka: Dhana Potofu Kuhusu Chanjo ya Korona

Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichomwa sindano ya Janssen, chanjo ya korona, mbele ya kamera, Ikulu, Dar es Salaam. Dozi zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeshushwa uwanja wa ndege siku nne kabla, kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo ya korona. Akawaambia wananchi kwamba yeye ni mama, ni bibi, ni mke wa mtu, na asingejitia kwenye hatari aliyoijua. Miezi sita tu nyuma, mtangulizi wake, John Magufuli, alikuwa amesimama Chato akasema chanjo hizo hazifai. Aliyesikia kauli zote mbili kutoka kiti kilekile cha urais akabaki njia panda hakuwa mjinga.

Dhana nyingi zilizozagaa wakati ule hazikuzuka hewani. Zilianza na jambo lililomtokea mtu kweli: homa ya usiku, hedhi iliyochelewa, jirani aliyefariki, cheti kilichokataliwa safarini. Waliosimulia hawakuwa waongo. Tatizo lilianza pale simulizi lilipofungwa na "kwa hiyo".

"Nilikwenda mzima, nikachanjwa, usiku nikatetemeka. Kwa hiyo wamenitia korona."

Kutetemeka kulikuwepo. Mkono mzito, kichwa kugonga, baridi kali saa nane za usiku na asubuhi mwili kama umepigwa rungu: waliochanjwa Mwanza, Mombasa au Maskati walisimulia mambo yaleyale. Lakini hakuna chanjo hata moja kati ya zilizotumika kwetu iliyokuwa na kirusi cha korona chenye uwezo wa kuzaliana mwilini. Janssen na AstraZeneca zilibeba maelekezo ndani ya kirusi kingine, jamii ya vile vya mafua, kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana. Sinopharm ilikuwa na kirusi cha korona kilichokwisha kuuawa. Pfizer na Moderna zilibeba ujumbe tu wa kuifundisha seli itengeneze kipande cha kirusi, ujumbe usiofika hata kwenye kiini cha seli vinapokaa vinasaba, na ambao mwili huuvunja baada ya muda mfupi. Homa ilikuwa kinga ya mwili ikianza kazi, na kwa walio wengi ilikatika ndani ya siku moja au mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wahudumu wengi hawakulisema. Katika majaribio mengi, nusu ya watu huchomwa chanjo na nusu huchomwa maji ya chumvi bila kujua nani kapata nini. Uchambuzi wa majaribio 12 uliochapishwa Januari 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliochomwa maji ya chumvi nao waliripoti uchovu, kichwa kuuma na mengineyo baada ya dozi ya kwanza. Hawakuwa wanaigiza. Mtu aliyekesha akisoma habari za kutisha kwenye simu hujisikiliza kila kona ya mwili, na kila kona humjibu.

Upande wa pili walikuwepo waliolalamika kwamba hawakuumwa kabisa, "wamenichoma maji." Nao wakae kwa amani. Kukosa homa si dalili kwamba chanjo haikushika.

Na waliougua korona yenyewe wiki ileile? Walikuwepo. Kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka, na foleni ndefu ya watu waliobanana chini ya turubai moja ni mahali pazuri sana pa kuambukizana.

"Aliyechanjwa hatamaliza miaka miwili."

Ujumbe huu ulizunguka kwenye makundi ya WhatsApp katikati ya mwaka 2021, ukidaiwa kuwa ni maneno ya Luc Montagnier, Mfaransa aliyepata tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa VVU. Ni kweli aliipinga chanjo ya korona, tena kwa hoja ambazo wanasayansi wenzake wengi walizikataa. Ila sentensi hiyo ya miaka miwili hakuisema. Waliichomeka kinywani mwake, ikasafiri kwa jina lake. Mwanamke wa kwanza kupata Pfizer nje ya majaribio, Margaret Keenan wa Coventry, Uingereza, alikuwa na miaka 90 alipochanjwa Desemba 8, 2020. Miaka hiyo miwili aliipita.

Aliyemfuata hospitalini hapo siku hiyo aliitwa William Shakespeare, mzee wa miaka 81. Alifariki Mei 2021 kwa kiharusi, na kituo kimoja cha televisheni Argentina kikatangaza kwamba mwandishi mkubwa wa Kiingereza ameaga dunia. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini wengine waliichukua habari hiyo kwa namna nyingine: kachanjwa, kafa. Chanjo ilianza na wazee na wagonjwa, ambao wengi wao kifo kiliwakaribia kwa sababu nyingine kabisa. Wazee milioni kumi ukiwachanja leo, ndani ya mwezi baadhi watakufa, kama ambavyo wangekufa bila kuchanjwa. Swali la maana ni kama waliokufa ni wengi kuliko ilivyo kawaida, na swali hilo halijibiwi kwa msiba mmoja wa mtaani, hata ukiwa unauma vipi.

"Inafunga kizazi."

Hii ndiyo iliyowashika wengi, hasa wasichana na wazazi wao, na Afrika Mashariki haikuanza na korona. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda, iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, ilikuwa imetiwa homoni ya ujauzito ili kuwazuia kuzaa. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mzozo ulikuwa juu ya vipimo: vilivyotumika vilitengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo, si kwa ajili ya kimiminika cha chanjo. Kwa nini wanawake wa umri wa kuzaa pekee? Kwa sababu mama aliyechanjwa humpa kinga mtoto mchanga, ambaye pepopunda humwingia kupitia kitovu. Jibu hilo lilikuwepo tangu mwanzo. Lilifika baada ya hofu kupata viti vyote vya mbele.

Kwa hiyo 2021 ilipofika, shamba lilikuwa limekwisha kulimwa. Chama cha madaktari Wakatoliki nchini Kenya kiliwashauri watu waikatae chanjo ya korona. Safari hii maaskofu hawakwenda nao. Walisema chanjo inakubalika. Wengi hukumbuka upande mmoja tu wa habari hiyo.

Halafu wanawake wakaanza kusimulia kwamba siku zao zimevurugika. Mwanzoni waliambiwa ni mawazo yao. Hapo wataalamu walikosea vibaya, maana tafiti zilipofanyika zilionyesha wanawake walikuwa wanasema kweli: mzunguko ulirefuka, kwa wastani kwa muda usiofika siku moja, kisha ukarudi palepale. Kuchelewa kwa hedhi ni jambo moja, kufungwa kizazi ni jingine. Utafiti uliofuatilia zaidi ya wanandoa 2,000 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto haukuona tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa. Ulichoona ni kwamba mwanamume aliyeugua korona yenyewe uwezo wake wa kutungisha mimba ulishuka kwa muda. Habari hiyo sikuwahi kuikuta kwenye kundi lolote la WhatsApp.

"Chanjo huchukua miaka kumi. Hii wameipika mwaka mmoja."

Kilichofupishwa ni kusubiri. Kwa kawaida kiwanda hungoja matokeo ndipo kitengeneze, na majaribio hungoja fedha na watu wa kujitolea. Safari hii fedha zilitangulia, wagonjwa walikuwa kila mahali, na dozi zilianza kutengenezwa kabla haijajulikana kama zitafanya kazi. Utafiti wenyewe ulikuwa wa miaka mingi. Katalin Karikó na Drew Weissman, waliopewa Nobel mwaka 2023 kwa utafiti wa ule ujumbe uliobebwa na Pfizer na Moderna, walichapisha ugunduzi wao muhimu mwaka 2005. Na wasomaji wa Goma, mashariki mwa Kongo, wana ushahidi wa karibu zaidi: chanjo ya Ebola ya Janssen iliyoanza kutolewa mjini humo Novemba 2019 ilitumia kirusi mbebaji kilekile kilichokuja kutumika kwenye chanjo ya korona ya kampuni hiyo. Dunia ilikuwa haijalisikia bado neno UVIKO, jina jingine la korona.

"Haina madhara yoyote."

Hii nayo ni dhana potofu, ila ilitoka upande wa wapigadebe wa chanjo. Aprili 13, 2021 Marekani ilisimamisha Janssen kwa siku kumi baada ya wanawake sita kupata damu iliyoganda huku chembe za kugandisha damu zikiwa zimepungua, kati ya dozi zipatazo milioni 6.8. AstraZeneca nayo ilikuwa na tatizo la aina hiyo. Pfizer na Moderna zilihusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipona. Ni matukio machache mno, na korona yenyewe ilikuwa ikigandisha damu na kuumiza mioyo ya watu wengi zaidi. Lakini yapo. Mhudumu aliyesema "haina madhara kabisa" alimwachia mzushi wa kijiweni fursa ya kuonekana ndiye msema kweli.

Zile za kwamba chanjo imetiwa sumaku na kifaa cha kufuatilia watu nazipita haraka: dozi ni nusu mililita au chini ya hapo, na simu uliyosomea uzushi huo inajua uliko kuliko sindano yoyote. Fomu ya ridhaa ya kuchanjwa, iliyowatisha Watanzania wengi, ni ndugu ya ile unayosaini kabla ya upasuaji. Na Ramadhani ya 2021 ilipoingia, wanazuoni wengi, akiwemo Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, walieleza kwamba sindano hiyo haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji.

"Tumeletewa makapi."

Hapa siwezi kuwalaumu waliosadiki. AstraZeneca iliyokuja Kenya Machi 2021 ilitengenezwa India kwa jina la Covishield. Dawa ni ileile, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuiidhinisha hiyo ya India Februari 2021. Lakini cheti cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 2021 kililitambua toleo la Ulaya tu, kwa kuwa kiwanda cha India hakikuwa kimeombewa kibali huko. Kisha Uingereza ikakataa vyeti vya chanjo vilivyotolewa Kenya, ilhali yenyewe ndiyo iliyokuwa imeipa Kenya msaada wa dozi 817,000. Baada ya makelele, mwezi Oktoba Kenya iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo vyeti vyake vilikubaliwa. Chanjo haikuwa makapi. Kilichokuwa kibovu ni urasimu, na abiria aliyekwama kaunta hana namna ya kutofautisha viwili hivyo.

Na zile zilizokwisha muda? Malawi iliteketeza kwa moto hadharani karibu dozi 20,000 Mei 2021, na picha zikatafsiriwa kuwa ushahidi kwamba Afrika inaletewa zilizooza. Ziliteketezwa ili zisiingie mkononi mwa mtu. Msaada ulifika ukiwa umebakiza wiki chache tu.

"Waafrika walikataa chanjo."

Kenya ilipokea dozi milioni moja na ushei mwanzoni mwa Machi 2021. Mwezi haujaisha, India ikabana usafirishaji nje, na waliopata dozi ya kwanza wakasogezewa ya pili kutoka wiki nane hadi 12. Hao walikuwa kwenye foleni, dozi ndizo hazikuwepo. Kongo ilipata milioni 1.7, ikasita kuanza kwa sababu nchi za Ulaya zenyewe zilikuwa zimesimamisha AstraZeneca, na mwishowe ikazitoa kama milioni 1.3 zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika.

Tanzania, mwanzoni mwa 2022, hakukuwa na hata mtu mmoja kati ya kumi aliyekamilisha chanjo. Ndipo wauguzi walipoacha kungoja kituoni wakatoka na makasha ya baridi kwenda sokoni, stendi, viwanja vya mpira na nyumba kwa nyumba, wakiongozana na viongozi wa mitaa na vijiji. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, karibu nusu ya nchi nzima ilikuwa imechanjwa.