Vimeng'enya vya saratani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Vimeng'enya ni dawa, mgonjwa wa saratani aongezewe"

Ujumbe huu huzunguka WhatsApp ukiwa na picha ya papai au nanasi. Ni kweli papai lina papaini na nanasi lina bromelaini. Lakini kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, na ukikimeza, sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa tumboni kama protini ya maharage. Tena seli ya saratani haina upungufu wa vimeng'enya. Inavyo tele, na baadhi yake ndivyo vinavyoipa kiburi.

Kipo kimeng'enya ambacho kweli ni dawa: asparajinesi, inayotumika kutibu leukemia (saratani ya damu) kali ya watoto. Humaliza asparajini iliyomo kwenye damu, asidi amino ambayo seli hizo za leukemia hushindwa kujitengenezea ya kutosha. Hutolewa kwa sindano, hospitalini. Kwenye blenda haipatikani.

"Saratani huota kwa sababu kinga imelala"

Kinga ikidhoofika, baadhi ya saratani hupata mwanya. Saratani ya Kaposi kwa watu wenye VVU ni mfano tunaoujua vizuri Afrika Mashariki. Hata hivyo wengi wanaougua saratani walikuwa na kinga ya kawaida. Mara nyingi kipande cha uvimbe kikiwekwa chini ya hadubini, seli T, askari wa kinga, zinaonekana humo humo ndani. Zimefika, ila hazifanyi kazi.

Kimeng'enya kiitwacho IDO1 ni miongoni mwa sababu. Hukichukua kirutubisho cha triptofani na kukigeuza kuwa kinurenini. Seli T zinaihitaji triptofani ili zigawanyike, kwa hiyo hukwama. Kinurenini nayo huzichochea kuwa seli T za kutuliza, zile zinazozuia wenzao kushambulia. Vimeng'enya vingine viwili, CD39 na CD73, hukaa juu ya seli vikinasa ATP, kemikali ya nishati ya seli, inayovuja kutoka kwa seli zinazokufa na kuigeuza kuwa adenosini, nayo huzipooza seli T. Chupa ya "kuongeza kinga" hailigusi hata moja kati ya haya.

Ujanja huo uvimbe haukuubuni. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliizuia IDO kwa panya wenye mimba. Vijusi vilivyotokana na baba wa ukoo tofauti na mama vilikataliwa na mwili wa mama, huku vya ukoo uleule vikisalimika. Maana yake, kimeng'enya hiki husaidia kukilinda kijusi kisishambuliwe na kinga ya mama. Saratani imeazima ngao ya mtoto tumboni, na ndiyo maana si rahisi kuipiga bila kugusa mwili wenyewe.

"Uvimbe ukisinyaa, ugonjwa umekwisha"

Seli za uvimbe hazifanani. Mwaka 1994 timu ya mtafiti John Dick, mjini Toronto, Kanada, ilionyesha kuwa katika leukemia ni seli chache tu zenye uwezo wa kuuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Hizo zina tabia za seli shina: hujizalisha zenyewe na kuzaa seli za aina nyingine. Nyingi huwa na kiwango kikubwa cha vimeng'enya vya ALDH, ambavyo huvunja aldehidi zenye sumu na hata kuipunguza makali dawa ya saratani ya siklofosfamidi. Seli za kawaida za uvimbe zikifa, hizi zinaweza kubaki.

Lakini tusiipigie chuku hadithi hii. Mwaka 2008 utafiti wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ulikuta kwamba takriban seli moja kati ya nne iliweza kuotesha uvimbe, ikiwekwa kwa panya wasio na kinga kabisa. Isitoshe, seli inaweza kuingia katika hali ya ushina na kutoka. Ushina ni hali, si ukoo.

"Ushina ni jambo moja, kukwepa kinga ni lingine"

Hapa kimeng'enya cha IDH1 kinafundisha kuliko mfano wowote ninaoujua. Kwa kawaida kimeng'enya hiki hutengeneza alfa-ketoglutareti. Herufi moja ya jeni ikibadilika, mara nyingi ile inayobadili asidi amino ya 132 ya kimeng'enya hicho, kinaanza kuichukua alfa-ketoglutareti hiyo hiyo na kuigeuza kuwa 2-haidroksiglutareti. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 2009, na mabadiliko haya yapo katika zaidi ya asilimia 70 ya glioma za ubongo za daraja la 2 na la 3.

Kemikali hiyo huvizuia vimeng'enya vinavyoondoa alama za kemikali ziitwazo metili kwenye DNA na kwenye protini zinazoifunga. Jeni za kukomaa hubaki zimefungwa, seli inabaki changa. Kisha kemikali ileile huvuja nje, huingia kwenye seli T zilizo jirani na kuzidhoofisha. Zao moja, madhara mawili.

"Basi kizuieni hicho kimeng'enya, tumalize"

Ilijaribiwa. Epakadostati, dawa ya kuzuia IDO1, ilipewa wagonjwa wa melanoma pamoja na pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga, katika jaribio la watu zaidi ya 700. Mwaka 2018 matokeo yakatoka: hakuna faida iliyoongezeka. Maelezo mojawapo ni kwamba kinurenini hutengenezwa pia na kimeng'enya kingine, TDO.

Kwa IDH1 mambo yalikwenda vizuri zaidi. Ivosidenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa leukemia kali ya mieloidi yenye mabadiliko ya IDH1, huzisukuma seli changa zikomae badala ya kuziua moja kwa moja, na wakati mwingine ukomavu huo wa ghafla wenyewe huwa hatari kwa mgonjwa. Vorasidenibu ikafuata mwaka 2024 kwa glioma za daraja la 2: katika jaribio lake, muda wa kati kabla ya ugonjwa kusonga mbele ulikuwa miezi 27.7, dhidi ya 11.1 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Haiponyi, inachelewesha, na haimfai mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna mabadiliko ya IDH. Kwa hiyo kipimo cha IDH kwenye kipande kilichotolewa wakati wa upasuaji huja kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote ya dawa.