Tangi la matumbawe likipungua maji, usiongeze ya bahari

Hapa Malindi bahari iko mlangoni, ndiyo maana wengi huamini kuwa tangi la matumbawe likipungua maji, dawa ni ndoo ya maji ya bahari. Sivyo, na inaniuma kila nikiona polipu, yaani vijinyama hai vya tumbawe, zimejikunyata kwa kosa hili. Kinachoruka hewani ni maji matupu. Chumvi yote hubaki. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 100 likipoteza lita 10, nawe ukazirudisha kwa maji ya bahari, umezidisha gramu 350. Rudia mara tatu, utakuwa na zaidi ya gramu 45 kwa lita.

Piga alama ya kalamu kwenye kioo, kisha jazia hadi hapo kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyosafishwa. Si ya kisima cha karibu na ufuo, kwani mara nyingi yana chumvichumvi. Maji ya bahari yatumie unapobadilisha, yaani baada ya kuteka mengine nje.

Tangi la mimea ya maji baridi nalo hubakiza madini: tazama ule mstari mweupe kiooni. Huko kujazia tu hakutoshi; punguza kwanza maji ya zamani.