Norah Jones si albamu moja tu

Hapa Mbeya, baridi ya Juni ikibana na kahawa ya Mbozi ikiwa mezani, mtu akitaka kukusikilizisha Norah Jones, mwimbaji wa Marekani, atakuwekea albamu ileile, Come Away with Me ya 2002, kisha aseme dada huyu huimba vya kubembeleza tu, siku zote. Si kweli. The Fall ya 2009 imeegemea gitaa kuliko piano. Little Broken Hearts ya 2012, aliyoitengeneza na mtayarishaji Danger Mouse, ina giza na uchungu wa kuachwa. Mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Jazi yenyewe ilirudi kwa nguvu katika Day Breaks, 2016, Wayne Shorter akipuliza saksafoni. Na ule wimbo Don't Know Why, uliomo katika Come Away with Me? Aliyeutunga si yeye, ni Jesse Harris.