Kamani ya Treni: Kuirudia Syberia Nikiwa Fundi Saa

Mara ya kwanza nacheza Syberia, gemu ya kompyuta, nilikuwa na miaka 17, mwaka 2009, kwa CD aliyoniletea binamu yangu kutoka Muscat. Nilifika Komkolzgrad, mji wa viwanda uliokufa, nikahifadhi mchezo, nikalala. Desemba hiyo umeme ukakatika Unguja nzima, na haukurudi kwa takriban miezi mitatu. Wenye jenereta waliwasha, sisi wengine tukarudi kwenye kandili. Treni ya gemu ile, ambayo haitaki umeme hata chembe, ikabaki imesimama ndani ya kompyuta yangu, na mimi sikuirudia tena.

Leo nina meza yangu ya kutengeneza saa hapa Mji Mkongwe. Mwezi uliopita nimeicheza upya tangu mwanzo hadi mwisho, na nimeona kitu ambacho kijana wa miaka 17 hakuwa na macho ya kukiona. (Usiyetaka kujua inavyoishia, ishia hapa ukaicheze kwanza.)

Syberia ilitoka mwaka 2002, kazi ya Benoît Sokal, mchoraji wa katuni wa Ubelgiji aliyefariki mwaka 2021. Kate Walker, mwanasheria wa New York, anapelekwa Valadilène, kijiji cha milimani Ufaransa, kukamilisha mauzo ya kiwanda cha Voralberg kinachotengeneza watu na wanyama wa mashine. Anafika siku ya mazishi ya mwenye kiwanda, Bi Anna. Mvua inanyesha, na wanaolisindikiza jeneza ni mashine zenyewe. Kumbe Anna ana ndugu, Hans, aliyedhaniwa kafa zamani, naye yuko hai mbali huko mashariki. Bila saini yake hakuna mauzo. Kate anapanda treni kumfuata, na treni hiyo inakwenda kwa ufunguo.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo. Ndani ya saa ya ufunguo mna kamani, utepe mwembamba wa chuma uliojiviringa ndani ya kopo la shaba lenye meno ukingoni. Ukitia ufunguo unaukaza utepe ule kwenye mhimili wake. Kamani haina nguvu yake yenyewe; inakurudishia ile uliyoitia kwa mkono wako, kidogo kidogo, kwa kuwa mbele yake kuna kizuizi kinachoachia jino moja, kinakamata, kinaachia jingine. Ndiyo ile tik tak unayoisikia. Saa nyingi za zamani za ukutani huenda siku nane kwa ufunguo mmoja. Mwanzoni kamani inasukuma kwa nguvu, mwishoni inalegea. Mtu huniletea saa akasema mbovu, inachelewa, kumbe imekaribia kwisha ufunguo tu.

Marehemu mzee aliyenifundisha alinikataza kufungua kopo la kamani mwaka mzima. “Mwanangu, hiyo nyoka kalala.” Siku aliyoniruhusu sikushika kwa kitambaa. Ilichomoka ikanichana kidole cha shahada, na kovu ninalo mpaka leo.

Sasa itazame treni ile. Inapofika Barrockstadt, mji wenye chuo kikuu, ufunguo umekwisha, tena imesimama hatua chache kabla ya mtambo wa kuitia ufunguo. Kate inambidi atafute watu wa tishari waivute, nao wanataka dola 100 kwanza, kwa hiyo anahangaika na wakubwa wa chuo kikuu mpaka azipate. Zamani niliona ni njia ya kuurefusha mchezo tu. Safari hii niliona hesabu ya kweli: treni imekwenda ilipotiwa nguvu ya kwenda, basi. Na anayetafuta namna ya kuitia tena ni huyu mwanamke aliyekuja kwa shughuli ya karatasi. Kila kituo anaongeza mkono wake ndani ya safari ile.

Kwenda na kurudi kwenye skrini tupu, hilo bado ni kasoro, na sitaitetea.

Na kuna simu. Bosi, mama yake, Dan mchumba wake, Olivia rafiki yake. Nilipokuwa mdogo nilizipitisha mbio ili nirudi kwenye mashine. Safari hii nilizisikiliza zote, mtoto wa kaka yangu kakaa pembeni. Katikati ya mchezo akaniuliza, “Ami, huyu Olivia mbona kawa karibu na Dan hivyo?” Ana miaka 12, na alikwishaona nilichokikosa mimi. Simu inamvuta Kate nyumbani, ufunguo unampeleka mbele, na hakuna mahali anaposimama akahutubia kwamba amebadilika. Unalisikia kwenye sauti: mwanzo anaomba radhi sana, baadaye majibu yanakuwa mafupi.

Oscar, dereva wa treni, naye nilimwona msumbufu. Yeye mwenyewe ni mashine, na hataki kabisa kuitwa roboti. Abiria ni mmoja tu, lakini bila tiketi treni haiondoki. Sasa namwelewa vizuri. Saa haitoki mezani kwangu kabla sijaisikiliza usiku mzima, hata mwenyewe akiwa mlangoni ana haraka. Komkolzgrad, palepale niliposimama mwaka 2009, wanamwibia mikono yake. Nilitazama viganja vyangu, nikapumzika siku mbili kabla ya kuendelea.

Mwisho ni Aralbad, mji wa mapumziko. Hans anapatikana, mzee mpole, anasaini bila ubishi. Kazi imekwisha, Kate anaweza kurudi New York.

“Karatasi si keshapata?” mtoto akauliza. “Anakimbilia nini tena?”

Sikumjibu. Treni ilikwishaanza kutoka, Kate anaikimbilia stesheni, na mtoto keshainuka kwenye kiti.