Nguzo ya kokoto iliyovikwa haina nondo

Nimesikia mara nyingi mno watu wakieleza nguzo za kokoto "zilizoimarishwa", zile zinazojengwa ardhini ili udongo laini uweze kubeba mzigo, kana kwamba ndani yake mna nondo. Hamna nondo, wala saruji.

Udongo laini hutobolewa shimo, mara nyingi lenye kipenyo cha sentimita 60 hadi 100, likajazwa kokoto zinazoshindiliwa kwa mtambo wa kutetemesha. Nguzo ikivikwa soksi ya jiotekstaili (kitambaa imara cha kutumika ardhini) au jiogridi (wavu imara wa aina hiyo), ndiyo iliyoimarishwa.

Kwa nini ivikwe? Kokoto hazijagandishwa na kitu. Zikibebeshwa mzigo husukumana kwenda pembeni, nguzo ikatuna karibu na kichwa chake, na kinachoibana ni udongo unaoizunguka. Yaani nguzo inauegemea udongo uleule iliokuja kuusaidia! Udongo ukiwa tope, lenye ukinzani wa mkato (uwezo wa udongo kuhimili nguvu inayotaka kuutelezesha) usiofika takriban kilopaskali 15, hauwezi kuibana vya kutosha, na kokoto hupotelea humo. Hapo soksi ndiyo inayobana: nguzo ikianza kutuna, kitambaa hukazika kuizunguka pande zote, kama pete za chuma zinavyoshika mbao za pipa. Ndiyo maana kwa kitambaa kilekile na mkazo uleule, nguzo nyembamba hubanwa zaidi kuliko nene.

Mjini Hamburg, Ujerumani, kiwanda cha Airbus kilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 juu ya tope la mto Elbe, zilitumika nguzo zilizovikwa zipatazo 60,000. Ndani yake ulikuwa mchanga tu. Soksi ilitosha kuufanya mchanga ubebe.

Nguzo ya zege ni jambo jingine kabisa. Yenyewe hupita katika udongo laini na kuupeleka mzigo kwenye tabaka gumu. Ya kokoto hugawana mzigo na udongo, na pia huyapa njia maji yaliyobanwa ndani ya udongo, ambao hushikamana mapema badala ya kuchukua miaka mingi.

Basi anayesema tuta lililojengwa juu ya nguzo hizi halititii, arekebishe kidogo tu: hutitia, ila kwa kiasi kidogo na kwa haraka zaidi. Na akitaka kujua nguzo moja itabeba tani ngapi, aulize kwanza habari za udongo ulioizunguka na mkazo ambao kitambaa kinaweza kuuhimili.